Niliacha Mnazi, Mbalamwezi Ikanirudisha

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh wangu. Mimi ni mvuvi wa dagaa, nashukia Deep Sea hapa Tanga. Nimekunywa mnazi miaka 12, na gongo pale mnazi ulipokosekana. Ramadhani iliyopita nikaacha, nikakaa miezi mitano sijagusa. Kisha zikaja siku za mbalamwezi, hatuendi baharini, nikapita kwa mgema jioni. Wenzangu wakaniita, "Ustadhi, njoo ukae tu." Nikakaa, nikanywa. Tangu hapo wiki tatu siswali, maana nimeambiwa swala ya mlevi haipokelewi siku 40, basi nasubiri ziishe. Sijarudia kunywa, lakini jioni ikifika kiu inanishika mpaka natokwa jasho. Je, kutamani tu nako ni dhambi? Na tembo la asubuhi, lile tamu ambalo halijachacha, naweza kulinywa nijitulize?

JAWABU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mwanangu, nianze na swala, kwa kuwa hapo umepoteza zaidi ya ulichopoteza kwa mgema. Aliyekuambia alikukatia hadithi njiani. Imo kwa Tirmidhi na wengineo: mwenye kunywa ulevi haikubaliwi swala yake siku 40, na akitubu Mwenyezi Mungu humpokelea toba yake. Nusu ya pili ndiyo yako, na ndiyo hukuambiwa. Tena maulamaa wameeleza kwamba kutokubaliwa huko ni kukosa thawabu, faradhi iko palepale shingoni. Kungoja siku 40 ziishe ni kuongeza dhambi kubwa juu ya dhambi kubwa.

Kutamani si dhambi. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema umma wake umesamehewa yanayopita nafsini maadamu hawajayasema wala kuyatenda. Na mwenye kuazimia ovu kisha akaliacha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu huandikiwa jema kamili. Kwa hiyo ile jioni uliyotokwa jasho ukabaki nyumbani usiione ni aibu, huenda imo katika daftari lako la mema. Wewe ni mtu wa bahari: maji yakijaa hata ya bamvua hayakai yamejaa, yatapwa. Kiu nayo ni hivyo hivyo, hupanda ikashuka. Na mara nyingine ni njaa tu. Mvuvi aliyeshinda na kikombe cha kahawa, ikifika saa kumi na moja jioni tumbo lake litaita chochote. Kula kwanza, halafu ndipo uiulize nafsi inataka nini.

Sasa nikuulize mimi: uliteleza lini? Si usiku wa giza, ukiwa na karabai na nyavu mikononi. Uliteleza mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, vyombo vimelala, mkononi una pesa ya mnada na jioni nzima huna la kufanya. Basi adui yako ana kalenda, nawe iangalie. Mwezi mpevu ni siku zilezile ambazo Mtume alituusia tufunge, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ziitwazo siku nyeupe. Zifunge. Mwenye saumu Magharibi inamkuta nyumbani, tende mkononi, watoto wamemzunguka, na saa ya mgema inapita hajaiona. Kisha nenda msikitini ukae mpaka Isha. Na pesa ya mnada mtumie mama watoto kwa simu kabla hujatoka ufukweni, ubaki na ya nauli.

Njia ya kupita kwa mgema iache, hata kama ndiyo ya mkato. Aya ya ulevi katika Suratul Maida haikuishia kwenye "msinywe". Imesema jiepusheni nao, yaani kaeni kando. Ile "njoo ukae tu" ndiyo mlango wenyewe. Yule aliyeua watu 99 alipotaka kutubu aliambiwa ahame mji wake, aende kwenye watu wema. Wewe hukuambiwa uhame Tanga, umeambiwa upite barabara nyingine.

Tembo la asubuhi, kwa hukumu, likiwa halijaanza kulevya ni halali kama maji ya dafu. Lakini kwa joto letu hili halikawii kuchacha, na kitoma cha mgema kina machicha ya jana. Kwako wewe nasema hapana. Anayelimimina ni yuleyule, kata ni ileile, na ulimi wako haujui saa.

Wanaokuita ustadhi kwa kejeli wasikuumize. Zama za Mtume alikuwapo sahaba aitwaye Abdullah, wakimtania Himar, mchekeshaji, akiletwa mara kwa mara kwa ulevi na akiadhibiwa. Siku moja mtu akamlaani. Mtume akamkataza, akaapa kwamba Abdullah anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu alipewa, laana hakupewa.

Niongeze kwa wengine wanaosoma: aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, hata kupata degedege. Si jini huyo. Apelekwe hospitali, Bombo au iliyo karibu. Na aliyeshindwa kujizuia peke yake, nyumba za upataji nafuu, hizi tunazoziita soba hausi, si aibu kuingia.

Zimebaki swala zako. Wiki tatu ni swala 105, na kwetu watu wa madhehebu ya Shafi zilizoachwa bila udhuru hulipwa upesi. Leo ukimaliza Adhuhuri usiinuke, lipa unazoweza. Alasiri vilevile. Andika ukutani kwa chaki umefika ya ngapi.

Wallahu aalam.