Usiufunge ute wako kwa glutaraldehaidi

Dada, weka hiyo chupa chini kwanza. Unasema unatengeneza ute bandia wa kupimia jinsi dawa inavyoupenya, lakini unga wa musini (protini inayoufanya ute uwe mzito) ya tumbo la nguruwe umegoma kuganda, sasa unataka kuutia glutaraldehaidi, halafu unauliza mashine ya kupimia na namna ya kupitisha dawa. Nami nilianza hivyo hivyo hapa Kisumu, nikapoteza miezi minne.

Aliyeniuzia unga aliniapia kwamba nikitia maji na kushusha pH (yaani kuongeza asidi), nitapata ute kamili wa tumbo. Uongo mtupu! Musini iliyotolewa kwa uangalifu huganda pH ikishuka chini ya 4, kweli. Lakini ile ya dukani imeharibiwa katika kusafishwa: nyuzi zimekatwa, na viungo vya salfa vinavyoziunganisha vimevunjika. Nilishusha mpaka 2, ikabaki maji maji. Nikamrudia, akaniambia, "Ongeza glutaraldehaidi." Alijua napima dawa! Hiyo ni kemikali ya kutengenezea ngozi viwandani, na ngozi ndiyo niliyoipata.

Jeli ilisimama, ukipindua chupa haimwagiki. Nikapitisha dawa, nikachora grafu nzuri sana. Jioni moja nachota mrenda kwa mwiko, uzi ukavutika, ukakatika, ukarudi sufuriani ukaungana na mwenzake. Usingizi uliniruka. Asubuhi nikakata jeli yangu kwa kisu: vipande viwili. Kesho yake, bado viwili.

Ute hauko hivyo, dada. Ukiusukuma unatiririka, ukiuacha unajishika tena, kwa sababu viungo vyake vingi huachana na kushikana. Glutaraldehaidi hufunga bila kuachia, hunasa dawa zenye vikundi vya amini (sehemu zenye nitrojeni), na mabaki yake huua seli. Grafu zote nikazitupa.

Basi kata, subiri, tazama. Jeli isiyoungana tena usiipitishie dawa yoyote, hata mtu akuambie nini.

Pesa ikiwa haba, anza na gamu ya guari (unga wa mbegu unaofanya maji yawe mazito) na boraksi kidogo (chumvi ya boroni), inajiunga yenyewe. Ila hutaka pH ya 8 au 9, kwa hiyo si kama tumbo lenye asidi, na haina musini ya kunata na dawa. Ukitaka musini yenyewe, nenda machinjio ya nguruwe alfajiri ukiwa na barafu, ukwangue ute mwenyewe kabla vimeng'enya havijaula.

Ukishakata, rudi utuambie imechukua muda gani kuungana.