Kwa anayeanza kazi ya makazi Marekani wakati huu wa misukosuko

Ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaoajiriwa sasa katika nyumba za hifadhi na katika ofisi za kuwatafutia watu makazi nchini Marekani wanaikuta kazi yenyewe ikiwa imetikiswa. Juni 28, 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumtoza faini mtu anayelala nje si adhabu ya kikatili inayokatazwa na Katiba, hata kama mji hauna kitanda cha kumpa. Julai 24, 2025, Rais Trump akatia saini amri ya kuiondolea msaada wa serikali sera ya Makazi Kwanza, ambayo humpa mtu nyumba bila kumshurutisha kwanza aache pombe au akubali matibabu. Ukiingia katika hali hiyo utashawishika kukata tamaa, au kuifanya siasa kuwa ndiyo kazi yako. Ushauri wangu ni kwamba uanze kwa kuielewa foleni.

Foleni ni ile orodha ambayo kila eneo huitunza ili kuamua nani atatangulia nafasi ya nyumba ikipatikana, na usawa hupimwa hapo kuliko katika matamko yoyote. Katika hesabu ya usiku mmoja ya Januari 2024, watu 771,480 walikutwa hawana makazi. Weusi walikuwa takriban asilimia 32 yao, ilhali ni kama asilimia 12 ya wakazi wote wa nchi. Pengo hilo lina mizizi ya zamani, zikiwamo ramani za miaka ya 1930 zilizoipaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu ili mabenki yaiogope, lakini sehemu yake huongezwa na sisi wenyewe mezani. Kwa miaka mingi maeneo mengi yalitumia dodoso liitwalo VI-SPDAT, lililomtaka mtu amweleze mgeni asiyemjua habari za maradhi yake, dawa za kulevya, kifungo na kupigwa. Aliyejifunza kwamba kusema ukweli ofisini humletea adhabu hujibu hapana, hupata alama chache, huonekana kana kwamba hana shida kubwa, kisha husukumwa nyuma. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wasio Wazungu walipata alama za chini kuliko Wazungu, na baadaye hata waliolibuni dodoso hilo wakaanza kuliacha.

Kwa hiyo usiharakishe mahojiano, na kila mwezi linganisha, kwa asili zao, waliomo kwenye orodha na waliopewa funguo. Hesabu hiyo haihitaji bango lolote la kisiasa. Masharti mapya ya ruzuku za serikali kuu yanayogusa mambo ya usawa yamepingwa mahakamani, kwa mfano na Kaunti ya King ya jimbo la Washington na wenzake mnamo Mei 2025, na jaji akayazuia kwa walioshtaki. Nimeona ofisi zikifuta takwimu za asili ya watu kwa hofu tu, kabla hazijaagizwa na mtu. Muulize kwanza mwanasheria wa shirika lako, kwa sababu takwimu iliyofutwa hairudi.

Wala usimwambie mtu kwamba Makazi Kwanza ni mali ya chama kimoja. Mpango huo ulianzishwa New York mwaka 1992 na mwanasaikolojia Sam Tsemberis, ukapata nguvu wakati wa George W. Bush, ambaye ni Mrepublican, na Houston, mji wa Texas, imepunguza idadi ya wasio na makazi kwa zaidi ya asilimia 60 tangu 2011, huku mameya wakibadilika.

Mengine ni kazi za mikono. Tunza nakala za vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya wateja wako, kwani kambi ya wanaolala nje ikibomolewa karatasi huenda na takataka, na vocha, yaani hati ya serikali ya kumsaidia mtu kulipa kodi ya nyumba, ina tarehe ya mwisho. Usiandike habari za uhamiaji ambazo fomu haikuzidai. Wapigie simu wenye nyumba hata pasipo na tatizo. Na fedha za programu zikielekea kuisha, kama ilivyotokea kwa vocha za dharura 70,000 zilizotokana na sheria ya mwaka 2021, waarifu wapangaji wewe mwenyewe mapema, ana kwa ana, mkiwa bado na muda wa kuomba nafasi kwingine.