Shuleni Kwetu Hakuna Aliyewahi Kuomba Harvard

Shangazi, shikamoo. Naishi Likoni, niko kidato cha nne. Nataka kuomba Harvard, chuo kikuu cha Marekani, lakini mwalimu aniambia nisijisumbue.

Marahaba, mwanangu. Jisumbue! Wasomaji wa maombi hukupima kwa yale shule yako iliyokuwa nayo. Ila hawaijui, basi mwombe mwalimu mkuu aandike ukurasa mmoja: mko wangapi, masomo gani yanafundishwa, wastani wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya. Barua ya sifa aandike mwalimu anayekujua hasa. Mpe wiki nne, si siku mbili.

Karo isikutishe. Vyuo vya Marekani kama Harvard, Yale, Princeton na MIT huamua nani aingie bila kutazama mfuko wa mzazi, kisha huziba pengo lote la gharama ambalo familia haiwezi kulipa, hata kwa mwanafunzi kutoka nje ya Marekani. Ada ya maombi nayo huombewa msamaha. Maombi hufungwa mwanzoni mwa Januari, kwa hivyo insha ianze leo, hata ukiwa kwenye feri ya Likoni.