Mleta uzi, hiyo kaktasi "isiyo na miiba" isikae mezani

Dada usiweke. USIWEKE. Umeandika kwamba Jumamosi una wageni kumi na wawili hapo Phoenix, Arizona, unataka meza iwe ya mtindo wa Mexico na jangwa, umeuliza rangi, mishumaa, sahani za udongo na jinsi ya kubana bajeti, halafu chini kabisa ukachomeka kama jambo dogo kwamba umeshanunua ile kaktasi ya masikio ya sungura, yenye vidoti vya dhahabu, utaipanga katikati ya meza "maana haina miiba". Hayo mengine tutayafikia, kwanza hili.

Hicho kitu kitaalamu kinaitwa Opuntia microdasys, kwao ni huko huko Mexico, ni ukoo mmoja na mpungate. Miiba mirefu kweli haina na hapo ndo watu tunapoingia mkenge, kwa sababu vile vidoti vya dhahabu ndo miiba yenyewe! Kila kidoti ni rundo la vinyweleo vyembamba kuliko unywele wa kichwani, na kila kimoja ncha yake ina vijino vinavyoangalia nyuma, kwa hiyo kikishaingia kwenye ngozi kutoka ni shughuli. Na havingoji uviminye, ukipitisha mkono tu vinang'oka na kuhamia kwako.

Mimi niko Tucson, Arizona hiyo hiyo, tulikuwa tunapokea wakwe, mdogo wangu anachumbiwa. Nikatandika sarape, lile blanketi la Kimexico la mistari, katikati ya meza, nikapanga vyungu vya hiyo kaktasi juu yake, nikakunja napkini za kitambaa vizuri nikazilaza kila moja chini ya chungu chake, juu kabisa feni ya dari inazunguka maana Juni ya Tucson wenyeji mnaijua. Picha nilizopiga kabla wageni hawajafika ni nzuri mpaka leo sijazifuta.

Sasa fikiria mwenyewe. Napkini zimelala chini ya mmea unaopukutisha miiba isiyoonekana. Watu wakala, wakajifuta MIDOMO. Wa kwanza kunyamaza alikuwa baba mkwe mtarajiwa, mzee wa heshima zake katikati ya hotuba, akashika mdomo wa chini, nikadhani ni pilipili nikamsogezea maji. Kisha mkewe. Kisha shangazi yangu akajikuna shingo kwa napkini ile ile. Kufika saa tatu usiku sebule nzima watu wanamulikana na tochi za simu, mmoja ameshika kibanio cha nyusi anamchomoa mwenzake mdomoni, familia mbili ambazo hazijafahamiana hata siku moja. Undugu ulikuja haraka, siwezi kukataa. Mzee yeye alikuwa ameshapikicha jicho ikabidi akimbizwe kliniki ya dharura, na bili ya kliniki za nchi hii huhitaji niisimulie.

Halafu kesho yake nikaitia ile sarape kwenye mashine ya kufulia, pamoja na mashuka. Sitaki kuliongelea hilo. Ila kama kuna kitambaa chako kimeshaguswa, tupa, usiwe na huruma nacho.

Na walionidanganya hawajaomba radhi mpaka leo. Kuna dada mmoja wa video, taa nzuri, kucha ndefu, anasema "laini kama manyoya ya paka", na hata siku moja hakuigusa kwenye hiyo video, nimeirudia nimeangalia! Na yule muuzaji wa mimea aliniambia ni salama hata nyumba yenye watoto, huku anaipakia kwenye boksi amevaa glavu za ngozi mpaka kwenye viwiko. Mimi nikajua ni sare ya kazi.

Kwa hiyo: kaktasi hai HAIKAI mezani. Utakuja kuniambia utaweka mbali na sahani, hapana. Utasema utaifunika na kokoto, kokoto zinafunika udongo, hazifuniki mmea. Ukitaka sura ya jangwa tafuta echeveria, ile yenye majani manene yamejipanga kama ua, nayo asili yake ni Mexico na haina cha kumchoma mtu. Au kaktasi ya udongo, ya mshumaa, ya karatasi. Usije ukadhani pia nafuu yako ni kile kimti chenye vijiti vyekundu wanachouza huko kwa bei ya ajabu, ule ni mnyaa dada, mnyaa wetu ule ule wa kuzungushia uzio, na utomvu wake ukiingia jichoni nyumbani kila mtoto anajua. Na usiende kung'oa kitu jangwani, Arizona mimea ya asili ina sheria yake na kuiba saguaro, ile kaktasi ndefu kama mti, inaweza kukufikisha mahakamani.

Sahani za udongo, haraka haraka: zile za kienyeji za Mexico zinazong'aa, nyingi zilipakwa rangi ya juu yenye madini ya risasi, na salsa, ile kachumbari yao ya nyanya na pilipili, ikiwa na ndimu inaikamua ile risasi inaingia kwenye chakula. Kama haijaandikwa kwamba haina risasi, ibaki pambo, salsa weka kwenye bakuli la kioo.

Kama umeshazishika hizo kaktasi na mikono inawasha, usijikune na usiguse uso. Chomoa kwa kibanio vile vinyweleo unavyoviona, kisha paka gundi nyeupe ya shule, weka shashi juu yake, acha ikauke kabisa ndo uibandue. Vingi vitatoka nayo. Hii si ya kujaribu jichoni, jicho ni hospitali.

Risiti unayo? Kesho asubuhi rudisha hiyo mimea dukani, iweke kwenye boksi lenye mfuniko, boksi likae kwenye buti la gari, na tafadhali mtoto asiipakate.