Usichomeke Kwanza: Saa ya Mjomba na Moshi Wake

Juzi msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Kaka, nimerithi saa ya umeme ya babu. Nimeichomeka ikatoa harufu. Nifanyeje?" Nilikuwa kwenye daladala, nikajikuta nasema kwa sauti, "Ichomoe!" Abiria wa pembeni yangu akakumbatia begi lake.

Ndugu yangu, hayo uliyoyafanya nimeyafanya mimi.

Mjomba wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Ofisi ilipofungwa akaondoka na saa ya ukutani, Smith Sectric ya Uingereza, ganda lake bakelaiti ya kahawia, ile plastiki ngumu ya zamani. Ilining'inia sebuleni kwake Tanga miaka na miaka. Iliposimama ikapelekwa stoo, paa likaivujia, mende wakahamia. Siku ya kugawana vitu vya marehemu watu waligombea baiskeli na cherehani, mimi nikaomba saa. Shemeji yangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mwenzetu karithi mende," akasema. Miaka imepita, lakini sentensi hiyo naikumbuka na sauti yake.

Basi usiku uleule nikaichomeka. Kiburi tu: nilitaka ivume kabla shemeji hajaenda kulala. Ikalia paa! Breka ikaruka, nyumba nzima giza, na harufu ya mpira ulioungua ikakaa sebuleni siku mbili.

Kilichoungua kilikuwa waya wa kuingilia. Nyaya za zamani zilivikwa mpira na kitambaa, na mpira ule ukizeeka unakauka na kumomonyoka kama keki ya juzi. Kwa nje kitambaa kizima, ndani shaba mbili zinatazamana uchi. Bahati yangu shoti ilitokea kabla umeme haujafika kwenye koili, ule waya uliosokotwa ndani ya mota. Nilipoipima, mita ikasoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) elfu kadhaa, maana yake koili iko hai. Ingekuwa imekatika, mita isingesoma kitu, na ningetafuta fundi wa kusuka mota mwenye mkono mwepesi, kwa kuwa waya wenyewe ni mwembamba kama unywele.

Fundi nilimtafuta hata hivyo, na hapo ndipo penye kidonda. Alitaka kutoa mota aweke mashine ya betri ya elfu chache. Nikakataa. Akasema sawa, niache aifungue tu. Akaingiza bisibisi pembeni ya ganda, akabinua. Bakelaiti haipindi, inavunjika kama sahani. Sikio moja la ganda likaruka likaenda chini ya friji ya mteja mwingine. Nililitafuta kwa magoti, nikaondoka na saa yangu ndani ya kiroba.

Kwa hiyo nikaanza mwenyewe. Mimi ni mhasibu, mjue.

Kosa la pili nilifanya kwa uvivu. Ekseli ya mota ilikuwa imegoma, nikadondoshea mafuta ya cherehani juu ya uchafu. Ikazunguka siku mbili, ikagoma tena, safari hii kabisa. Mafuta ya zamani hugeuka ulimbo, na ukiongeza mafuta juu ya ulimbo unaupa chakula. Osha kwanza. Nilitumia petroli ya kujazia viberiti, dirisha wazi, jiko limezimwa, na kijiti cha meno nilichokichonga hadi kikaingia kwenye kitundu cha ekseli. Kijiti kilitoka cheusi mara tisa. Cha kumi kikatoka cheupe, na mimi nikapiga kelele peke yangu saa sita usiku. Baada ya hapo ni tone moja tu la mafuta, dogo, linaloning'inia kwenye ncha ya sindano. Ukiona linachuruzika, umezidisha.

Waya nilibadilisha wote. Plagi zetu za pini tatu huja na fyuzi ya ampia 13, hiyo ni ya pasi. Kwa saa weka ya 3. Na kabla ya kuipa umeme wa moja kwa moja, niliipitisha kwenye sirizi, yaani balbu ya zamani yenye waya ndani (si LED) imeunganishwa njiani. Kukiwa na shoti balbu inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinachoungua. Yangu haikuwaka kabisa. Mota ikaanza kuvuma.

Sikio la ganda nililigandisha kwa gundi ya Araldite. Mstari unaonekana. Nauacha uonekane.

Wengine mmeuliza kuhusu saa za Marekani. Hata ukiwa na transfoma ya kushusha volti, saa hizi zinahesabu mawimbi ya umeme, na kule ni 60 kwa sekunde, kwetu 50. Kila saa moja itachelewa dakika 10. Na kama mishale yako ina rangi ya kung'aa gizani, usiikwangue. Nyingi za zamani zilipakwa rediamu, madini ya mionzi. Mng'ao huisha, mionzi inabaki.

Vijana, sisi tuna haraka. Tunafungua kabla ya kuangalia, tunachomeka kabla ya kupima, tunabadilisha kabla ya kuosha. Mtaniambia betri ni rahisi. Ni rahisi, ndiyo. Lakini mtakuwa na ganda la babu na moyo wa dukani, na wageni wakiuliza mtajibu nini? Osheni kwanza! Nimesema mara ngapi?

Sasa iko sebuleni kwangu. Mashine hii haijianzishi yenyewe: umeme ukikatika inasimama, ukirudi inabaki imesimama mpaka uzungushe kifundo kidogo kwa chini. Nilikiona kasoro, sasa nakipenda. Haikudanganyi kwa kuendelea na saa isiyo sahihi.

Jumapili iliyopita shemeji alikuja. Umeme ukakatika, ukarudi, naye akainuka kabla yangu, "Hii niachie mimi." Akazungusha kifundo, lakini kinyume. Mota hii haichagui upande, inafuata ulikoisukuma, hivyo saa ikaanza kurudi nyuma kwa utulivu kabisa. Akakaa, akajipongeza, akamimina chai. Nilimwacha amalize kikombe.