Kupita Nyuma ya Mwigizaji Mkuu

SWALI: Nimepata siku 2 za kuigiza mpita njia katika filamu kubwa. Nimeambiwa nije na nguo zangu na nizungumze bila sauti. Nijiandaeje?

JIBU: Beba mavazi 3 ya rangi tulivu, yaliyopigwa pasi. Nyeupe tupu huakisi taa na kuvuta macho. Mistari myembamba iliyobanana huonekana ikichezacheza kwenye picha. Nembo za kampuni huhitaji kibali.

Kuhusu sauti, maikrofoni inafuata maneno ya waigizaji wakuu. Kelele za umati huongezwa baadaye. Chezesha midomo na mikono, lakini usinong'one, maana mnong'ono nao hunaswa. Viatu vinavyogonga sakafu hubandikwa kitambaa kizito chini ya soli.

Kazi yenyewe hasa ni kurudia, na hapo ndipo wengi huharibu. Onyesho moja hupigwa mara nyingi kutoka pembe tofauti, kisha vipande huunganishwa. Ukianza kutembea mwigizaji anapotamka neno fulani, mkoba ukiwa bega la kulia, basi kila mara iwe neno lilelile, bega lilelile. Mkoba ukihama, kwenye filamu utaonekana ukiruka. Ukisikia "kata", rudi ulipoanzia na usubiri. Usinyoe wala kubadili nywele kati ya siku hizo 2.

Kamera usiitazame kabisa. Simu iache pale watakapokuelekeza. Kupiga picha pale kunaweza kukufukuzisha siku hiyohiyo.