Maswali na Majibu: Miale ya Gamma ya Blaza

Nimeshusha data za Fermi-LAT (darubini ya miale ya gamma iliyo kwenye setilaiti) za blaza moja, yaani galaksi ambayo shimo jeusi la katikati yake hurusha mkondo wa chembe kutuelekea. Nianze na mipangilio gani?

Chukua nusukipenyo cha nyuzi 15 kuzunguka chanzo, nishati kuanzia MeV 100 hadi GeV 300 (GeV ni MeV 1,000, na TeV ni GeV 1,000), evclass 128 na evtype 3 (namba za kuchagua aina ya matukio), na zmax 90 (pembe ya mwisho, kwa nyuzi, kutoka utosini). Hiyo zmax usiiache: angahewa ya Dunia nayo hutoa miale mingi ya gamma, ikaingia kwenye hesabu yako kana kwamba imetoka angani. Kisha endesha gtmktime, programu ya kubakiza vipindi vyenye data nzuri, kwa (DATA_QUAL>0)&&(LAT_CONFIG==1).

Katika modeli weka vyanzo vyote vya katalogi ya 4FGL (orodha ya vyanzo vya gamma vilivyoonwa na Fermi-LAT), hata vilivyo nje kidogo ya duara lako, maana kwenye MeV 100 fotoni (chembe za mwanga) za chanzo kimoja hutawanyika nyuzi kama 5. Achia huru vigezo vya vyanzo vya jirani tu. Ukiachia vyote, hesabu haitulii. Ukikata data vipande vya siku moja moja, kipande chenye TS (kipimo cha uhakika kwamba chanzo kimeonekana) chini ya 9 kipe kikomo cha juu, usikichoree nukta.

Eneo linalong'aa ndani ya blaza ni dogo mno kuonekana. Ukubwa wake unajulikanaje?

Kwa muda wa mabadiliko ya mng'ao. Nusukipenyo hakizidi c × t × δ / (1+z), ambapo c ni kasi ya mwanga, t ni muda huo, z ni kiasi ambacho mwanga umerefushwa na kutanuka kwa ulimwengu, na δ ni kipengele cha Doppler (jinsi mwendo unavyoufanya mwanga uonekane mkali na wa haraka zaidi) cha mkondo unaotuelekea. Julai 2006 darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia ziliiona blaza PKS 2155-304 (z = 0.116) ikipanda mng'ao kwa takriban sekunde 200. Hapo eneo haliwezi kuzidi sentimita 5.4 × 10¹² mara δ. Shimo jeusi lenye uzito wa Jua bilioni moja lina nusukipenyo cha sentimita 3 × 10¹⁴, kwa hiyo eneo likilingana nalo, δ inafika 55. Ni kubwa kuliko 10 hadi 30 tuliyozoea, na ndiyo maana mlipuko ule ulitikisa modeli nyingi.

Modeli ya SSC (elektroni zilezile hutoa mwanga na kuupandisha nishati) imekaa vizuri juu ya nukta zangu. Nimemaliza?

Bado. Humo elektroni hutoa mwanga wa sinkrotroni (unaotoka zikizunguka kwa kasi) ndani ya uga wa sumaku, kisha huugonga mwanga huohuo na kuupandisha hadi gamma. Ukipunguza uga, ukaongeza eneo na kurekebisha elektroni, mkunjo unaweza kubaki karibu uleule. Funga ukubwa wa eneo kwa muda wa mabadiliko kwanza, ndipo uachie vigezo vingine.

Halafu angalia tarehe. Eksirei za Machi ukiziunga na gamma za Julai, umechora blaza ambayo haijawahi kuwapo. Omba data za usiku uleule, au uache nukta hiyo.

Kwa nini spektra yangu (mchoro wa mwanga kwa kila nishati) inaporomoka kwenye TeV?

Mara nyingi ni njiani: fotoni hugongana na mwanga wa nyota na vumbi uliojaa kati ya galaksi, zikageuka elektroni na positroni (elektroni zenye chaji chanya). Marekebisho ya upotevu huo yanahitaji z. Yafanye upande mmoja tu, kwenye data au kwenye modeli. Ukiyafanya pande zote mbili, modeli haitakaa kwenye nukta za juu hata ubadilishe vigezo vyote.